Pangusa, Usiguse

Kibanda changu Luthuli upana wake ni mikono miwili iliyonyooshwa,
ghorofa ya kwanza, juu ya wauza spika.
Mchana nafufua simu zilizotumbukia chooni.
Jioni, mteja wa mwisho akishalipa na kulalamika,
nashusha mlango wa bati hadi nusu
na kutoa ndege ya vita kwenye droo.

Moja kwa arobaini na nane.
Mabawa yake, ncha kwa ncha, shibiri moja na kidole.
Waliounda vipande hivi walijali mkia, walijali magurudumu,
rubani wakamchonga hadi masharubu;
injini wakanipa gogo la plastiki
laini kama sabuni iliyokwisha kuogewa.
Nani atafungua boneti, walijiambia.

Mimi.

Napasua spika ya simu iliyokufa, nazongoa
waya wa shaba mwembamba kuliko unywele wa kichanga.
Silinda kumi na mbili, sita huku, sita huku,
kila moja na plagi zake mbili:
waya ishirini na nne, na kwa kila mmoja nabana pumzi,
maana chafya moja tu.
Wa kumi na saba uliruka. Niliutafuta sakafuni kwa magoti,
nikaokota skrubu tatu za watu na jino la kitana.

Babu Mbithi alikuwa na miaka kumi na tisa
walipomkabidhi debe la mafuta ya taa na tambara
uwanjani Eastleigh, vita vikiwa vimepamba moto kwa Mtaliano.
Amri ilikuwa maneno mawili: pangusa, usiguse.
Sasa mtu atapangusaje asichokigusa?
Alicheka kila alipoisimulia, kicheko cha puani,
kisha akatandaza vidole mezani kwake Jericho,
juu ya kitambaa cha maua:
hapa bomba la maji, limepinda kama kiwiko;
hapa moto, usikawie; hapa oili huvuja
hata wakiapa wameziba.
Na hapa, kulia, kijibomba cha shaba
chenye kovu.

Injini aliisoma kwa tambara,
kama mtu anayepapasa uso gizani amjue ni nani.

Lakini kwenye picha, nilizozikuza hadi zikawa chengachenga,
kijibomba kiko kushoto.
Miaka mingi, nikiri, nilimweka babu
fungu moja na wale wazee
waliousikia mzinga kwa kusimuliwa.

Jana usiku stima ikapotea.
Nikauma tochi kwa meno, nikaigeuza ndege
initazame, propela karibu na kidevu,
nikapeleka kidole cha mkono wa kulia
na kijibomba kikawa hapo.

Kulia.

Mzee hakuwahi kukalia kile kiti.
Kushoto kwa rubani hakukumhusu.
Alisimama mbele ya ndege, macho kwa pua,
na kulia kwake kulikuwa kulia.

Nikakaa chini gizani. Chini, kwa mara moja,
spika zote zilikuwa zimenyamaza.
Nilisikia mtu akipita ngazini, akihesabu sarafu.

Leo nimekipachika. Kovu nimelikwaruza kwa ncha ya sindano.
Oili nimeivujisha, tone la rangi nyeusi na kahawia,
palepale walipoapa wameziba.
Binti yangu Syombua anauliza kama boneti nitaiacha wazi
watu waone.
Sijui. Gundi haijakauka.

Nimekata kipande cha shati la babu, kadiri ya ukucha,
nikakipaka masizi, nikakitupia juu ya bawa,
kimekunjika ovyo,
kama cha mtu aliyeitwa mara moja, anarudi.